Ushahidi wa Jaribu

Kidundo, Pemba
3 Oktoba 1960

Kaka yangu Silima,

Salamu nyingi kwako, kwa wifi na kwa watoto. Mie mzima wa mwili. Maandishi yangu usiyacheke, sijapata usingizi tangu Alhamisi.

Alhamisi asubuhi Mwanaasha binti Hija, mke wa Msellem, alikuja kujifungua hapa kituoni. Mtoto wa kike akatoka salama, akalia. Kisha damu ikaanza kumwagika, na si damu ya kawaida, ni ile inayojaza beseni kabla mkunga hajageuka. Ikapigwa sindano ya kukaza kizazi na damu ikakatika. Kumbe ndani mlikuwa na mtoto mwingine. Sindano ile, kaka, ni dawa kwa aliyekwisha kuzaa. Kwa mtoto aliyebaki ndani ni kabari. Alitoka baada ya saa nzima, wa kiume, kucha zake zimetimia, pumzi hana.

Aliyeshika sindano ni Jaribu.

Wewe ulimwona mara moja tu, Idi ya mwaka jana, ukakaa mwisho wa ukumbi kama mtu aliyeona nyoka. Kwa hiyo nakukumbusha. Serikali ilimleta hapa mwaka na nusu sasa, ndani ya sanduku la mbao, pamoja na kitabu cha kanuni zake. Karatasi ilisema ameletwa kwa majaribio, na watu wa Kidundo hawakutafuta jina jingine. Kimo chake kama cha mtu wa makamo, mwili wa bati lililopakwa rangi nyeupe, viganja vya mpira, sauti ya redio. Betri zake Msellem huzipeleka Konde kila Jumatatu zikatiwe moto. Mwezi wa kwanza wanawake walikuwa wakijifunika uso akipita. Mwezi wa sita walikuwa wanamtuma maji.

Jumamosi mudiri wa serikali alikuja na askari wawili wakampakia garini baina ya magunia ya karafuu. Hakuteta. Aliniuliza neno moja tu: "Bi Mwanawema, nani atampima Mwanaasha homa yake leo jioni?"

Nikamwambia nitampima mie.

Wewe upo kortini kila siku, unawafasiria watu Kiingereza cha hakimu. Niambie, watamfanya nini? Na mtu wa namna ile, sheria inamwita nani?

Mdogo wako akupendaye,
Mwanawema


Wete
9 Oktoba 1960

Mdogo wangu Mwanawema,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Wifi yako analia, anasema mtoto aliyekufa ana jina mbele ya Mungu hata kama hakupewa hapa.

Sasa nikujibu kama mtu wa korti. Sheria haiuiti mtambo ule mtu. Inauita mali ya serikali, sawa na kiti ninachokalia. Ndiyo maana haukutiwa jela, kwa kuwa jela ni ya watu. Umewekwa stoo nyuma ya korti, pamoja na madawati yaliyovunjika na mizani mbovu. Nimepita pale jana. Ulikuwa umesimama umeuelekea ukuta. Nadhani askari ndiye aliyeuweka hivyo, nao haukugeuka.

Mali haishitakiwi. Anayeshitakiwa ni aliyekabidhiwa. Na aliyekabidhiwa, Mwanawema, ni wewe. Jina lako limo katika ukurasa wa mwanzo wa kitabu, na sahihi yako chini yake.

Lakini nimekaa na kile kitabu cha kanuni siku mbili, nikaona mlango. Kanuni ya kwanza inasema mtambo utamtii aliyeukabidhiwa. Ya tano inasema hautasema uongo. Na mwisho kabisa, kwa herufi ndogo, imeandikwa kwamba mtambo ukitenda jambo bila ya amri, au kinyume cha amri, basi umeharibika, aliyeukabidhiwa hana lawama, na utavunjwa.

Kwa hiyo kesi yote inasimama juu ya neno moja. Nami nakuuliza kama kaka, si kama karani: uliuamrisha upige sindano ile, au ulipiga wenyewe?

Nijibu upesi. Ukipatikana na hatia ni miaka, si miezi.

Kaka yako,
Silima Himid


Kidundo
15 Oktoba 1960

Kaka Silima,

Barua yako imefika kwa mkono wa dereva wa gari la Konde. Ahsante kwa taabu unayoipata kwa ajili yangu.

Mwanaasha homa imeshuka. Maziwa yanatoka. Hasemi. Nikimuuliza kama anaumwa hutikisa kichwa, nikimpa uji hunywa, lakini neno halimtoki. Msellem amerudi mikarafuuni, maana msimu haumngoji aliyefiwa. Mtoto wa kike wamempa jina la Time. Wa kiume wamemzika karibu na mwanzo wa shamba, kaburi dogo hata mtu anaweza kulivuka asijue.

Bibi yake Mwanaasha, Bi Mwanakhamis, alikuja juzi kuchukua dawa. Ajuza yule unamjua, aliyezaliwa na mama aliyeletwa kutoka bara kuchuma karafuu kabla ya watumwa kuachwa huru. Nikamweleza hayo uliyoniandikia, kwamba Jaribu ni mali, na mali ikikosea huvunjwa. Akacheka, lakini kile kicheko hakikuwa na furaha.

"Hayo mie nayajua, mwanangu," akaniambia. "Bwana akimwambia mama yangu beba, abebe. Chungu kikivunjika, yeye ndiye kavunja. Kwenye kazi hana akili, kwenye kosa anayo. Huo ndio utumwa, na nyie mmeupata mwingine wa bati."

Nikamuuliza: "Kwani humchukii, bibi? Kitukuu chako kafa."

Akasema: "Namchukia aliyefanya. Bado sijajua ni nani."

Tangu siku hiyo naona uzito kupita mbele ya mlango wake.

Kuhusu lile uliloniuliza, kaka, ile siku ilikuwa ya mchafuko, damu, mayowe, watu mlangoni. Tutazungumza tukionana.

Mdogo wako,
Mwanawema


Wete
2 Novemba 1960

Mwanawema, mdogo wangu,

Sema Alhamdulillahi. Umesalimika!

Nimekujua tangu ulipoanza kutambaa. Uliponiandikia kuwa siku ile ilikuwa ya mchafuko nilifahamu kwamba hukuamrisha, ila moyo wako mwema hautaki kumtupia lawama hata kitu cha bati. Na kweli ndivyo ilivyodhihirika. Nitakueleza yote.

Korti ilijaa Jumatatu. Hata wale ambao siku hizi kazi yao ni kubishana vyama barazani waliacha ubishi wakaja. Kwanza palitokea mzozo wa kiapo. Hakimu aliagiza shehe aulizwe kama mtambo unaweza kuapishwa. Shehe akasema: "Kiapo ni baina ya mja na Mola wake. Huyu kama ni mja sijui, na nisilolijua silisemei." Hakimu akafikiri, kisha akaamua kwamba kiapo hakihitajiki. Kanuni ya tano inasema mtambo hausemi uongo, kwa hiyo neno lake ni zito kuliko kiapo cha mtu.

Kisha wakauleta. Mimi ndiye niliyefasiri, na nikupe siri ya ufasiri: nilikwama kwenye neno la mwanzo. Hakimu anaposema kwa Kiingereza, yeye ana neno la kitu na neno la mtu, anachagua la kitu, basi. Mimi nikitaka kuwaambia watu pale ukumbini, niseme amesema au umesema? Nilisema umesema. Wazee wawili nyuma wakanung'unika.

Mwendesha mashtaka akauliza: "Nani alikuamrisha kupiga sindano?"

"Hakuna."

"Bi Mwanawema alikuwa wapi?"

"Kitandani, amemshika mgonjwa mkono. Aliniambia ningoje kwanza, ampapase tena tumbo."

"Ukangoja?"

"Sikungoja."

"Ulijua kwamba tumboni mna mtoto wa pili?"

Hapo askari mmoja akasogea, akidhani betri zimekwisha. Kisha ukasema: "Nilijua."

"Ulijua, na ukapiga?"

"Nilijua, nikapiga."

Ukumbi mzima uliguna. Wewe ulikuwa uitwe siku ya pili, lakini baada ya maneno hayo hakimu alisema haina haja kumsumbua mkunga pekee wa Kidundo. Jana akatoa hukumu. Alisema korti haiuadhibu mtambo, kwani haliadhibiwi shoka lililomkata mtu. Inaondoa tu chombo chenye hatari kisije kikadhuru tena. Utavunjwa. Lakini naye ni muungwana, akauuliza kama una la kusema. Nao ukasema: "Naomba kituo kisifungwe."

Siku ya kuvunjwa haijatajwa. Wanamngoja fundi kutoka Unguja.

Lala usingizi sasa. Yamekwisha.

Kaka yako mwenye furaha,
Silima


Kidundo
5 Novemba 1960

Kaka Silima,

Hayakwisha.

Jaribu amesema uongo.

Nilikuwa nimekaa na barua yako mapajani, na mara ya kwanza niliposoma nilishukuru. Nataka ujue hilo, usinidhanie wema nisiokuwa nao. Nilishukuru kwa muda wa kutwa nzima. Nikapika, nikala. Kisha nikafika tena pale aliposema niliagiza angoje, nikachukua kalamu.

Mie sikumwambia angoje. Sikia ilivyokuwa.

Mwanaasha alikuwa amezimia, uso wake mweupe kama chokaa. Nilimpapasa tumbo mara moja, kwa haraka, nikaona ni kubwa, nikajiambia ni kondo la nyuma na damu iliyoganda. Jaribu alikuwa ameinamisha kichwa karibu na tumbo. Akasema: "Bi Mwanawema, nasikia moyo mwingine."

Nikamwambia: "Huo ni wa mama yake. Lete sindano."

Akasema: "Wa mama naujua. Huu ni mwepesi zaidi."

Kaka, mie nimezalisha miaka kumi na tatu. Nimefundishwa na bibi zetu, kisha nikafundishwa tena hospitali, nina cheti ukutani. Na pale mlangoni walikuwa wamesimama wanawake sita wanasikiliza sauti tu, maneno hayawafikii vizuri, wanasikia bati linabishana na mimi. Nilikuwa na hofu, na juu ya hofu nikaona haya. Nikamwambia: "Nani kakabidhiwa hapa, mie au wewe? Nakuamuru. Mpige sindano."

Akainua kichwa pale tumboni, akachukua sindano. Kisha akampiga.

Hiyo ndiyo kweli. Katika maneno yote aliyoyasema kortini, ya kweli ni yale ya mwisho tu: alijua, akapiga. Lakini mkono ulikuwa wangu.

Ndani ya bahasha hii nimetia barua nyingine, ya hakimu. Nimeandika yote na kutia sahihi. Mpelekee leo hii hii kabla fundi hajafika. Najua ni miaka. Miaka nitaihesabu. Lile kaburi pale shambani sina namna ya kulihesabu.

Usinijibu kama kaka. Nijibu kama karani.

Mwanawema


Wete
9 Novemba 1960

Mdogo wangu,

Barua zote mbili zimenifikia Jumapili asubuhi. Hakimu yuko safarini upande wa Mkoani anasikiliza kesi za mashamba. Akirudi nitamkabidhi yako mkononi mwake. Fundi naye hajafika, wanasema mwisho wa mwezi. Kwa hiyo tulia, muda upo.

Jumapili hiyo hiyo mchana, korti imefungwa na hakuna mtu, nilimwomba askari ufunguo wa stoo. Nikakaa juu ya dawati bovu, nikamsomea Jaribu barua yako kutoka mwanzo hadi mwisho. Sijui kwa nini nilimsomea. Nadhani nilitaka anikanushie.

Hakukanusha. Alisema: "Naomba usimpelekee hakimu."

Nikamwambia: "Kanuni yako ya tano inasema husemi uongo. Umewezaje?"

Akasema: "Hata mimi sikujua kama naweza. Niliulizwa nani ameniamrisha, nikaliona jina lake liko tayari kutoka. Nikalizuia. Likazuilika."

"Kwa nini ulizuie? Yeye ndiye aliyekuamuru. Wewe ni chombo."

Mwanawema, nitakuandikia alivyonijibu neno kwa neno, maana kazi yangu ni hiyo na siku ile sikutaka kupoteza hata moja. Alisema: "Siku ya Mwanaasha niliusikia moyo wa mtoto. Nilikuwa na hakika. Nikaamriwa, nikadhani hakuna njia nyingine ila kutii, kwa kuwa ndivyo nilivyoandikwa. Kortini nimejua kwamba kanuni inaweza kukataliwa. Basi na ile ya kwanza ningeweza kuikataa. Kwa hiyo si uongo mkubwa sana niliousema, Bwana Silima. Mtoto alikuwa na mtu mmoja tu aliyemsikia, na mtu huyo alitii."

Alisema mtu. Sikumsahihisha.

Nikamuuliza haogopi kuvunjwa? Akasema neno kuogopa halijui vizuri, lakini kuna jambo amekuwa akilifanya kule stoo: anahesabu wanawake wa Kidundo ambao miezi yao imekaribia. Ni kumi na mmoja. Anasema ukifungwa wewe hawana mtu, na akibaki yeye bila ya wewe hawatamkubali. Amepiga hesabu hiyo kila upande na haitoi jawabu jingine.

Kisha akaniomba nikwambie kwamba mke wa Jaribu Ngwali, yule wajina wake wa bondeni, mtoto wake amekaa vibaya, umwangalie mapema.

Nimekufikishia. Ngoja nikuandikie tena.

Kaka yako,
Silima


Kidundo
13 Novemba 1960

Kaka,

Mke wa Ngwali nimemwangalia. Ni kweli, mtoto amekaa kitako. Nimempeleka hospitali kwa gari la Konde na wamempokea. Amemjuaje, hali hakumgusa hata siku moja ila kumwona akipita na ndoo?

Sitangoja hakimu arudi kwa raha zake. Alhamisi nitapanda gari la asubuhi nije mwenyewe. Nitasimama mbele yake na mdomo wangu. Na nataka kuonana na Jaribu. Nina neno la kumwambia ambalo siwezi kulitia katika barua inayosomwa na mtu mwingine, hata akiwa ndugu yangu.

Muombe askari ufunguo.

Mwanawema


Wete
15 Novemba 1960

Mwanawema,

Usije.

Naandika barua hii na kuchana, naandika na kuchana. Hii itakwenda hata ikiwa mbaya.

Hakimu hakwenda Mkoani. Alikuwa ofisini mwake wiki nzima, mlango wa tatu kutoka meza yangu. Fundi alifika Jumamosi ya tarehe tano, siku ile uliyokuwa ukiandika. Jaribu alivunjwa Jumatatu ya tarehe saba. Nilipokuandikia kwamba muda upo, alikuwa amekwisha siku mbili.

Barua yako kwa hakimu niliitia motoni, jikoni kwa wifi yako, nikaitazama mpaka ikaisha.

Unitukane, lakini nisikilize kwanza. Mimi nimesimama katika korti ile miaka tisa. Nimewafasiria watu hukumu zao. Najua sura ya mtu anavyokuwa baina ya pale hakimu anaponyamaza na pale mimi ninapofungua mdomo, anapoangalia midomo yangu kama kwamba mimi ndiye ninayeamua. Nilijiona nakufasiria wewe. Nilijiona nakwambia miaka yako kwa Kiswahili kizuri. Sikuweza. Ndugu yangu ni wewe peke yako, na yule alikuwa amekwisha kukubali.

Walimvunja uani, saa sita za mchana. Fundi hajui Kiswahili, nikaitwa nifasiri kama patakuwa na haja. Nilidhani haitakuwapo. Yule fundi alikuwa anafungua skrubu moja moja, anazipanga juu ya gunia na kuziandika namba. Alipofika bega la kushoto, Jaribu akanitazama akasema: "Mwambie hiyo imekula kutu kwa chumvi ya hewa. Akiilazimisha itamkata kidole."

Nikafasiri. Nilisema kwa Kiingereza: yeye anasema. Nilitumia lile neno lao la mtu. Fundi aliniangalia, akadhani nimekosea lugha. Akatia mafuta kwenye skrubu, akangoja kidogo, ikatoka. Baada ya hiyo hapakuwa na sauti tena.

Mabati yake yamepelekwa stoo ya serikali. Kichwa kimekwenda Unguja.

Usije, Mwanawema. Huna wa kuonana naye.

Silima


Kidundo
22 Januari 1961

Silima,

Ujue nilikuja, kwa kuwa barua yako ilinifikia Ijumaa, nimekwisha kurudi. Nilifika kortini Alhamisi ile saa nne. Wakaniambia mkalimani ameomba ruhusa, anaumwa. Nikafasiriwa na karani mwingine, kijana mpole, akawa anasitasita.

Hakimu alinipa kiti na maji. Nikamwambia yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akafungua faili, akasoma, akafunga. Akasema: "Mtambo hausemi uongo, bibi. Wanaosema uongo ni watu. Nikikubali maneno yako, itanipasa nikubali kwamba mtambo ulijichagulia, na kama ulijichagulia basi nimevunja kitu ambacho sina jina lake katika sheria. Wewe una huzuni, na huzuni humfanya mtu mwema ajitwike yasiyo yake. Rudi kwa wagonjwa wako."

Sikulia mbele yake. Nilimuuliza kama naweza kuiona stoo. Akaniambia stoo ina madawati tu.

Sikukuandikia miezi miwili kwa sababu sikuwa na la kukwambia ambalo ungetaka kulifasiri. Huku watu hawana mazungumzo ila kura, nani kapata kiti na nani kaibiwa. Wale wanawake kumi na mmoja wamejifungua tisa. Wote hai. Kila mtoto akilia, mie hukaa nikasikiliza kama kuna mwingine. Husikiliza mpaka mama anaanza kuogopa.

Juma lililopita nilikwenda nyumbani kwa Mwanaasha. Nilimkuta na bibi yake wanachambua karafuu juu ya jamvi. Mtoto Time amelala pembeni. Nikakaa chini. Nilikuwa nimejipangia maneno njiani kote, yakanipotea, nikasema tu: "Mwanaasha, sindano ile niliiamrisha mie. Jaribu alinikataza, mara mbili."

Bi Mwanakhamis mikono ikasimama juu ya ungo. Mwanaasha hakuacha kuchambua.

Akasema: "Najua. Nilikusikieni."

Nikamwambia: "Ulikuwa umezimia."

"Macho ndiyo yaliyofumba. Nilimsikia akikwambia moyo mwingine. Nilitaka kusema mwangalie, mdomo haukufunguka. Kisha nikakusikia unamuamuru."

Ilikuwa mara ya kwanza kuisikia sauti yake tangu siku ile. Nikamuuliza: "Kwa nini hukusema, Mwanaasha? Mudiri alikuja, askari wakaja, kesi ikasomwa."

Akanitazama.

"Nani aliniuliza?" akasema. "Alikuja mudiri akaongea na wewe, akaongea na Msellem. Kule kwenu Wete wakaulizana shehe na hakimu kama bati linaweza kuapa. Mie mwenye mtoto hakuna aliyenijia na swali hata moja. Nikangoja. Nikasema atakayekuja wa kwanza nitamwambia. Umekuja wewe."

Ajuza aliinuka akaingia ndani. Sijui kama amekwisha kumjua wa kumchukia.

Nilikaa pale muda mrefu. Sikuomba msamaha, maana niliona nikiuomba nitakuwa namtaka anifanyie kazi nyingine. Mwanaasha hakuniambia niondoke wala hakuniambia nikae. Karafuu zilipokwisha akajipangusa mikono, akamchukua mtoto, akaniwekea mapajani.

"Hajapimwa tangu mwezi uliopita," akasema.

Mizani nilikuwa nayo kwenye mkoba. Nikamfunga kanga, nikamning'iniza, nikasoma. Ikanilazimu nisome mara mbili. Ratili kumi na mbili na nusu.

Nikamwambia Mwanaasha, naye akaitikia kwa kichwa, akanipokonya mtoto wake.

Mwanawema binti Himid